Sisimizi Kwenye Sosi ya Nyanya

Sogeeni karibu, wapwa zangu, na mwenye simu aizime, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno. Agyekum, kaa hapo miguuni na usininunie; najua una mvi na mimi sina, najua ulikuwa tayari unacheza mpira barabarani wakati mama yako, dada yangu, ananibeba mgongoni, lakini mjomba ni mimi na mpwa ni wewe, na hata ukifuga ndevu zifike kitovuni hilo halibadiliki. Abrafi, wewe kaa huku kichwani kwangu. Mzee Boadu nimemwita awe shahidi, asije mtu akasema Dankwa alikufa kimya, mimi ambaye Offinso nzima inanijua kwa kusema.

Shule niliiacha darasa la tano, na mwalimu alishukuru. Nikafungua kibanda cha chakula, nikashika kikaango. Nionyesheni mtu mwingine mjini hapa ambaye madereva wa malori ya Tamale wanampigia simu wakiwa bado njiani, "Dankwa, niwekee paja." Hayupo. Wali wa kukaanga, kuku juu yake, pilipili nyeusi pembeni, mayonezi, halafu sosi ya nyanya ya chupa nimeichora kama saini ya waziri. Hapo sijajisifu bado, nikijisifu mtajua.

Ugonjwa wa sukari uliponishika, kabla haujanila mguu, nesi aliniambia niache sukari, nami nikaiacha kama mwanamume. Chai kavu, bila chembe ya sukari. Uji mchachu mtupu, wa kukunja uso. Nikirudi kliniki, sukari imepanda. Nesi ananitazama, "Bwana Dankwa, unakula kwa siri." Namwambia, dada yangu, mimi nikila mtaa mzima unajua. Hakuniamini. Sikukasirika, wapwa zangu, nilishangaa. Nilitaka kumjua huyo anayenitilia sukari mwilini bila kubisha hodi, kama unavyotaka kumjua mtu anayekojoa ukutani kwako kila siku.

Desturi yetu mnaijua. Mtu akiugua, wageni hawaji mikono mitupu. Wanaleta malta, kile kinywaji cha chupa kisicho na kileo, na maziwa ya kopo, uchanganye, unywe, damu irudi. Ni nyeusi, ina uchungu kwa mbali, imetoka kwenye nafaka, basi imekuwa dawa, nani aulize? Nikanywa mpaka makatoni yakawa meza. Siku moja tone lilidondoka kwenye sinia, nikasinzia, na nilipofumbua macho sisimizi walikuwa wamelizunguka kama waombolezaji waliosikia nyama imeiva.

Hapo ndipo nikamwagiza Abrafi aniletee kidogo cha kila kitu cha kibandani na cha dukani. Akasema, "Mjomba, homa imepanda kichwani." Nikamwambia alete, homa itamlipa. Tukaweka matone dirishani, kila moja juu ya kifuniko chake, tukatulia kutazama. Sosi ya nyanya, walikuja mbio. Mtindi wa kopo, ule wenye picha ya mtu anakimbia mbio za afya, wakajaa hadi picha ikapotea. Mkate wa chai, ambao tangu utotoni tunaambiwa hauna sukari, waliuendea polepole, kwa adabu. Uji wa boksi wa watoto wachanga waliubeba wakaenda nao kwao. Maji waliyapita kama hawayajui.

Agyekum ukacheka ukasema, "Mjomba, sisimizi hula hata mafuta, huo si ushahidi." Ulisema kweli, na ndiyo mara yako ya kwanza. Kwa hiyo tukaichemsha malta kwenye sufuria, wewe mwenyewe ukikoroga, ikakauka, ikakauka, hadi kijiko kikakwama. Ukachungulia humo kama mtu aliyeangusha funguo kisimani. Ukasema, "Hii ni gundi." Tangu hapo nikaanza kusoma herufi za nyuma ya maboksi, zile ndogo ambazo hata mbu angevaa miwani, nikakuta sukari ina majina mengi kuliko tapeli wa bandarini: mara glukosi, mara sirapu, mara jina ambalo hata mchungaji hawezi kulitamka. Laiti ningepata mwaka mmoja zaidi, ningeyajua yote. Utamu wa kutafuta ulinishika kuliko ule wa sukari yenyewe.

Sasa Abrafi, nisikilize. Jumapili ile manesi walipokuja kanisani kupima watu, ulirudi unacheka. "Mjomba, wanasema yangu iko juu, na mimi hata chai natumia kavu." Yale yale maneno yangu, na mkononi umeshika malta. Wote walicheka, mimi nikashindwa, kwa sababu nilikuona umesimama palepale niliposimama mimi nikiwa na miguu miwili. Nimewaita kwa ajili hiyo. Mali ningeweza kuigawa hata kwa kunyoosha kidole.

Shamba la kakao ni lako, Agyekum, pamoja na ugomvi wa mpaka. Nimeutunza vizuri, uendeleze. Pikipiki mpeni mwanangu Kwabena, ingawa yeye ni wa ukoo wa mama yake, na kwetu anayerithi ni mpwa. Kibanda, kikaango na jina langu ubaoni ni vya Abrafi. Sosi upike mwenyewe: nyanya, kitunguu, tangawizi, basi. Wateja watanuna. Waache wanune, watarudi kwa ajili ya kuku.

Nipeni... nipeni mto kidogo. Hivyo.

Mnajua maneno peke yake hayahamishi mali kwetu. Anayepewa hutoa kinywaji cha shukrani mbele ya shahidi, ninywe mimi, anywe na yeye, ndipo imekwisha. Gini mimi siigusi, kwa hiyo Agyekum ameleta malta. Haya, nimelowesha midomo. Malizia, shamba ni lako. Abrafi, chako kiko wapi?

Hicho ni nini? Maji.

Mzee Boadu anatikisa kichwa. Anasema maji si kinywaji, ukoo ukikaa watasema hukutoa kitu, watakunyang'anya kibanda. Umemsikia, Abrafi? Chupa hiyo hapo, funda moja tu. Unasemaje? Sema kwa sauti, Mzee asikie.

"Basi wakichukue. Siinywi."

Shahidi, umesikia mwenyewe. Niinueni kichwa, nipeni hayo maji. Mzee Boadu, kwa heshima zote, mwenye kibanda ni mimi, na mwenye koo la kunywea ni mimi. Nimekunywa. Mpeni na yeye. Wewe pia onja, Mzee... taratibu... umeyameza? Basi umeshuhudia. Kimehama. Agyekum, atakayemgusa mdogo wako kwa kibanda hiki, simama mlangoni na hizo mvi zako, zifanye kazi mara moja.

Kwenye matanga yangu wageni wapewe maji. Watasema Dankwa alikuwa bahili. Waacheni... waseme.

Mikono yenu. Wote wawili. Mungu awape siku, wapwa zangu, awape nyingi. Mzeeke. Mzeeke vibaya, muwe wasumbufu, mgombane na wajukuu... mpaka huko niliko nichoke... nichoke kuwasubiri.