Wegesa Machage na Kizuizi cha Ulezi

Mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, tumesimama kwa heshima kukupokea katika maabara ambayo bati lake linavuja lakini jina lake limefika chuo kikuu.

HISTORIA

Mwaka 1984, wakati wa njaa na unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, fundi wetu wa maabara, Bi. Wegesa Machage, alikwenda kijijini Kiriba kumwona mama yake, Bi. Boke. Mama akasukuma sahani ya ugali kando. "Huu wa yanga unaishaga tumboni sijafika hata shambani. Wa ulezi unakaaga."

Wengine wangecheka. Wegesa alirudi na kibaba cha ulezi.

Alikoroga uji mwepesi, akadondoshea iodini aliyoomba zahanati ya Nyakato. Ukawa bluu. Akatia mate, bluu ikatoweka, maana kimeng'enya cha mate kilikuwa kimeumaliza wanga. Katika chupa ya pili alichanganya kwanza mate na maji yaliyolowekwa unga wa ulezi, ndipo akayatia katika uji wa bluu. Bluu haikuondoka! Alirudia siku kumi na moja kwa mate ya walimu wote, hadi Mwalimu Mkuu akalalamika, "Wegesa, tumekauka."

MAFANIKIO

Alituma ulezi ule chuo kikuu. Kimya, miaka na miaka. Mwaka jana, 1995, wataalamu walijibu: katika ulezi kuna kizuizi kinachozuia mate, nacho ni protini ndogo, uzi mmoja uliokazwa kwa mafundo matano, nao huingia katika kinywa cha kimeng'enya na kukiziba. Barua ilianza, "Ugunduzi wa Bi. Wegesa." Yeye, aliyeishia darasa la saba, aliisoma amesimama, kisha akaketi sakafuni.

Kesho yake alitusukia umbo lile kwa waya, tulishike kwa vidole. Tukamwuliza kama mama alisema kweli.

"La kwenye chupa nalijua," alijibu. "La tumboni bado."

CHANGAMOTO NA OMBI

Mgeni rasmi, Jumatatu Bi. Wegesa alipewa barua ya kupunguzwa kazini. Aliikunja, akaendelea kuosha chupa. Tulipotaka kuitaja katika risala hii, alikataa. "Msimwombe mgeni jambo langu. Ombeni iodini."

Tumemtii, mgeni rasmi. Tunaomba iodini. Na tunaomba mtu wa kuitumia, anayejua maabara hii tangu 1984.

Mungu akulinde njiani, aibariki Mara na wote waulizao kwa nini.

Ni sisi,
Klabu ya Sayansi,
Shule ya Sekondari Mwamba wa Ziwa, Musoma.