Mwalimu Rogathe na Ufa wa Vughoma

Tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Rogathe Mmbaga anatimiza miaka ishirini na minne ya utumishi katika Redio Upareni, hapa Same mjini, na siku hiyo hiyo anastaafu. Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, Wilbard Msofe, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya jarida letu. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu Mwalimu mwenyewe alinipigia, akasema niandike, na nisiruke chochote.

Alizaliwa Vughoma, kitongoji cha wakulima wa tangawizi kilichojishikiza ubavuni mwa mlima, Upare ya Kusini. Kwao ni mtoto wa pili, nyuma ya kaka yake, Tumainieli. Alisomea ualimu wa baiolojia na kufundisha sekondari kwa miaka kumi na miwili, mpaka koo lilipomsumbua na daktari akamkataza kupaza sauti darasani. Akaja redioni. Mwenyewe hupenda kusema kwamba alitafuta kazi ambayo mtu ananong'ona Same akasikika Makanya.

Alianza kwa kusoma matangazo ya vifo. Mwaka 2004 akaanzisha kipindi cha Tuulize Kwanza, kila Jumatano saa kumi na moja jioni. Msikilizaji analeta alichokisikia: kwamba chandarua chenye dawa kinaua nguvu za kiume, kwamba radi hutumwa na jirani. Mwalimu anakwenda kuwauliza wanaojua, na wiki inayofuata anarudi na jibu, pamoja na jina la aliyelitoa. Asipolipata husema, "Hili bado halijulikani." Sentensi hiyo ilimkera meneja wetu wa kwanza, aliyetaka redio iwe na jibu la kila kitu.

Wazee wa kazi wanakumbuka kupatwa kwa jua mwaka 2016. Mjini ulivuma uvumi kwamba mjamzito akitoka nje atazaa kipofu. Mwalimu alisimama sokoni na chujio la plastiki la kuchujia tui, akaliinua juu ya kipande cha boksi jeupe, na kila tundu likaangusha chini jua dogo lililomegwa. Wajawazito wanne walikuja kutazama, na mmoja baadaye alimpa bintiye jina la Rogathe. Mwaka mwingine ilisemwa kwamba samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu wana minyoo inayokula ubongo. Alisubiri majibu ya maabara, kisha akamla perege mzima hewani, mifupa ikisikika. Wauza samaki walimletea ndoo nzima, na studio ilinuka wiki mbili.

Ningependa kuishia hapo. Watu wengi wangependa.

Oktoba 2023, mvua za vuli zilipoanza kwa nguvu, mjomba mmoja wa Vughoma alimpigia Mwalimu kumwambia kwamba juu ya nyumba zao ardhi imefanya ufa, na chemchemi inatoa maji ya tope. Mwalimu hakutangaza. Alimtafuta Fadhila, mtaalamu wa miamba ambaye aliwahi kumhoji kipindini, wakapanda pamoja. Fadhila alipigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, akafunga kamba katikati. Baada ya siku saba ufa ulikuwa umepanuka vidole vinne. Kaya arobaini zilikuwa chini yake.

Jumatano hiyo Mwalimu alieleza hewani jinsi maji yanavyoingia kwenye ufa, yanavyoulainisha udongo mpaka ushindwe kushikamana na mwamba, na kwa nini miti iliyoinama ni dalili. Aliwaomba watu wahamie kwenye shule iliyo bonde la pili mpaka mvua zipungue. Viongozi wa kijiji walimuunga mkono.

Siku mbili baadaye ujumbe wa sauti ulianza kuzunguka kwenye simu. Mwanamume asiyejitaja jina alisema kwamba hakuna mlima unaoanguka. Kuna kampuni imeona madini chini ya tangawizi, na wataalamu wametumwa kuwaogopesha watu ili waondoke wenyewe. Alizungumza vizuri. Alitaja mpaka jina la Fadhila.

Jumatatu asubuhi niliurusha ujumbe ule kwenye kipindi changu. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisema, "Wasikilizaji, tusikie na upande wa pili, nyie mnaonaje?" Nikacheka kidogo. Simu zililia saa nzima. Sikumuuliza Mwalimu. Sikujua mwenye sauti ile ni nani, na sikujiuliza.

Kesho yake Mwalimu alipanda Vughoma. Alichozungumza na kaka yake alinisimulia mwenyewe, na amenipa ruhusa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Rogathe. Umekuja kunihamisha?"

"Nimekuja kukuomba. Siku kumi tu, mpaka mvua ipungue."

Tumainieli alikuwa anasafisha tangawizi. Hakuinua kichwa. "Mimi nilikuwa nimeshafunga mizigo, wifi yako atakuambia. Halafu redio yenu wenyewe ikasema ni habari ya madini."

"Redio haikusema. Wilbard alirusha sauti ya mtu asiyejulikana."

"Ilitoka kwenye redio au haikutoka?"

Mwalimu alimwonyesha kamba ya Fadhila, iliyokuwa imekatika usiku uliotangulia kwa kuvutwa. Kaka yake akasema kamba hukatwa hata na panya. Mwishowe alikubali wajukuu waende shuleni, ila yeye hataacha shamba la baba yao kwa maneno ya watu wawili wanaopingana kwenye redio moja. Mwalimu alishuka na watoto watatu, mmoja mgongoni. Nyumba kwa nyumba alibisha hodi. Kaya thelathini na moja zilihama. Tisa zilibaki.

Alhamisi, saa nne asubuhi, mlima ulishuka. Waliokuwa shuleni waliusikia kama lori linalomwaga kokoto, likawa halimalizi kumwaga. Watu kumi na mmoja walifariki. Tumainieli alikuwa mmojawao. Mkewe, Mama Sifael, alipona kwa kuwa alikuwa ameteremka kuwapelekea wajukuu nguo kavu.

Mwalimu alisoma tangazo la kifo cha kaka yake mwenyewe. Meneja alimwambia amwachie mwingine. Akasema kazi hii alianza nayo na anaijua. Alisoma majina kumi na moja kwa mpangilio wa alfabeti, na sauti yake haikutetereka mpaka alipozima kipaza sauti.

Siku ya tisa baada ya maziko nilimfuata ofisini. Sikujua pa kuanzia.

"Mwalimu, ni mimi."

"Najua ni wewe."

Nilianza kulia. Akaniangalia, akasogeza karatasi zake. "Wilbard, machozi yako siyahitaji. Nakuhitaji Jumatano saa kumi na moja, useme ulichofanya, kwa mpangilio, bila kujitetea."

Nilisema. Ilichukua dakika arobaini, naye alikuwa ananiuliza maswali kama anavyomuuliza mgeni yeyote. Uliupata wapi? Nani alikutumia? Ulimpigia nani kuhakikisha? Hakuna, nilisema. Ukacheka kwa nini? Hilo sijaweza kulijibu mpaka leo.

Jumamosi tulipanda Vughoma wote wawili. Mama Sifael alitupokea kwenye chumba cha darasa alimokuwa akiishi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia, "Sauti yako naijua. Ilikuwa jikoni kwangu kila asubuhi." Alituandalia chai. Niliomba msamaha, akainua vikombe akaenda kuviosha.

Jumatatu iliyofuata alileta pendekezo kwenye kikao: Redio Upareni isirushe sauti ya mtu ambaye hatujui jina lake na hatujaongea naye. Wengine walilalamika kwamba tutapoteza wasikilizaji. Kweli tulipoteza baadhi. Kanuni hiyo imebandikwa mlangoni mwa studio, na redio mbili jirani zimekuja kuinakili. Hilo ndilo ningeliita mafanikio yake makubwa, ila yeye halitaki neno hilo. Nilipomsomea rasimu ya kwanza, nilikuwa nimeandika kwamba aliokoa kaya thelathini na moja. Alinikatiza. "Thelathini na moja zilishuka. Tisa hazikushuka. Ukiandika, andika namba zote mbili."

Na lazima niandike hili pia, maana ndio ukweli wa kazi yake. Mlima ulikuwa haujakauka tope, ujumbe mwingine ukatoka, safari hii ukisema kampuni ndiyo iliyolipua mlima kwa baruti. Mwalimu aliujibu Jumatano nne mfululizo. Fadhila alieleza, picha zilibandikwa shuleni, mashahidi wakazungumza. Wapo Vughoma wanaouamini mpaka leo, na baadhi yao walizika ndugu zao siku moja na Tumainieli. Mwenye sauti hatujamjua. Mwalimu aliniambia mwezi uliopita kwamba kuna siku anahisi anachota maji kwa chekecheke.

Anastaafu akiwa na miaka sitini. Ameomba pasiwe na muziki kwenye sherehe, na meneja amekubali. Tuulize Kwanza itaendelea chini ya Jenifer, ambaye Mwalimu amemfundisha kazi kwa miaka sita. Mwalimu anarudi kwao, upande wa bonde, ambako yeye na Mama Sifael wamejenga nyumba moja na kupanda tangawizi upya. Fadhila amemfungia kipimo cha mvua uani. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu Mwalimu atasoma kiasi cha mvua iliyonyesha na kutupigia simu, ili watu wa milimani wajue udongo umebeba maji kiasi gani.

Mwalimu Rogathe, wafanyakazi wa Redio Upareni tunakushukuru kwa miaka yote ishirini na minne, kwa perege na kwa chujio, kwa kila jina ulilolisoma kwa heshima, na kwa kila mara uliposema hujui. Tunakuombea afya, usingizi mzuri wakati wa mvua, na maisha marefu pamoja na wifi yako na wale wajukuu. Saa hiyo ya asubuhi zamu huwa ni yangu. Utakapopiga simu nitapokea mimi, nitaandika namba uliyonitajia, nitakusomea tena kuhakikisha, kisha nitaitangaza kama ilivyo.