Kitanda cha Wageni

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje ya dirisha la basi, lakini masikio yote yalikuwa kiti cha mbele.

"Tulipanda mlima siku nne," mzee mwenye kofia alikuwa akimsimulia dada aliyekaa naye, "tukilala kwa wenyeji. Kile kijiji cha juu kabisa walitupa chumba chenye kitanda. Wenyewe walikuwa na kingine."

"Kingine kipi, baba? Nimelala nyumba zile. Chumba ni kimoja tu. Nyinyi kitandani, wenzenu wamejibana jikoni na watoto. Mimi mpaka leo naona aibu."

"Aibu ya nini, binti yangu? Nilikuwa nawasikia wakicheka!"

"Walicheka ili msijisikie vibaya."

Fundi alizaliwa kwenye nyumba kama ile. Kile chumba chenye kitanda kilikuwa na baridi ya kung'ata mifupa. Jikoni kulikuwa na moto, na mama, na ndugu sita ndani ya blanketi moja. Wageni wakiaga, watoto walilia, maana sasa walirudishwa kitandani.

Akakohoa ili awaambie. Basi likasimama, nao wakashuka wakibishana, bila kujua kwamba kule jikoni wenyeji ndio waliokuwa wakiwaonea huruma wageni.