Onesphory Sulle, Aliyewatambua Watoto wa Nyuki kwa Nyuso Zao

Onesphory Sulle Qamara alikuwa mtoto wa Sulle, aliyekata matuta ya mteremko wa Tlawi ambayo mvua haijayabomoa hadi leo, na mjukuu wa Qamara, aliyehamisha ng'ombe arobaini kutoka Hanang mwaka wa ukame na kufika nao arobaini. Yeye mwenyewe aliwatambua watoto wa nyuki wa aina thelathini na moja kwa taya na midomo yao. Wengi hapa hawakujua kwamba hiyo ni kazi. Leo wajue.

Alizaliwa Tlawi tarehe 14 Machi 1956, na dada yake Genoveva ndiye aliyembeba mgongoni. Shule ya msingi alisoma hapo hapo, 1964 hadi 1970. Siku moja mwalimu alipochora buibui ubaoni, alisimama akasema, "Mwalimu, buibui wako amepungukiwa miguu miwili." Aliambiwa achore mwenyewe. Mchoro wake ulikaa ukutani mpaka akamaliza darasa la saba.

Kuanzia 1976 hadi 2012 alikuwa msaidizi wa maabara katika zahanati moja huko Endasak, akitafuta malaria kwenye damu za watu. Mwaka 1994 akaja mtaalamu wa wadudu, Dkt. Mectilda, akiwatafuta nyuki wapweke, wale wasio na mzinga wala malkia. Kila mama huchimba vyumba vyake ardhini au ukutani, anaweka chakula, anataga, anafunga mlango. Mtaalamu huyo alihitaji mtu aliyezoea hadubini. Akamfundisha Onesphory kungoja mtoto wa nyuki, yule funza, amalize kula na kutoa choo, maana wakiwa wachanga wanafanana. Halafu humchemsha kwenye dawa mpaka ngozi inabaki peke yake, nyepesi kama ganda la kitunguu, ndipo huchora taya, mdomo na matundu ya hewa ya ubavuni.

Alifunga ndoa na Gaudensia huko Balangdalalu tarehe 5 Septemba 1981. Mama huyu alizoea kumwambia, "Baba Wolfgang, wenzako wanafuga nyuki wa asali, wewe umechagua wasio na kitu." Naye shemeji yake Hilary aliwahi kukuta chupa za spiriti kabatini akauliza, "Shemeji, hii yenye funza ndiyo ya wageni?"

Kukosea alikosea, na hakuficha. Mwaka 2003 alitoa watoto tisa kwenye vyumba vya nyuki mmoja anayechimba ukuta wa udongo, akaandika jina la nyuki huyo mwenye nyumba. Baadaye akaona midomo yao ya chini imechomoza, midomo ya kusokota uzi wa kujifunika, na watoto wa nyuki yule hawasokoti. Kumbe walikuwa wa nyuki mgeni, anayetagia nyumba ya mwenzake. Mtoto wake humwua mtoto mwenye chumba na kula chakula chote. Akafuta majina tisa kwa wembe, akamwandikia Dkt. Mectilda: "Niliangalia nyumba, sikuangalia mtoto."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Mwezi wa nane mwaka huu alitoa kwenye ukuta wa nyumba ya zamani ya mama yake watoto kumi na wawili ambao sura yao hakuwahi kuiona. Sita akawahifadhi, sita akawaacha hai kwenye vichupa, watoke na mabawa ili mama yao ajulikane. Wolfgang alimwonea huruma. "Baba, andika jina unalodhani, upumzike." Akajibu, "Ninalodhani halina haja ya karatasi."

Alifariki nyumbani Tlawi tarehe 11 Novemba 2025, vichupa bado vimefungwa. Ameacha mjane Gaudensia, watoto wawili, Wolfgang na Fabiola, wajukuu watano, na dada yake Genoveva. Mungu ampe usingizi mwema.

Asubuhi ile ya mwisho alimwita Fabiola, akamwekea vichupa sita mapajani.

"Viweke kivulini. Mvua za masika zikianza, angalia kila siku."

"Na wakitoka, baba, nitawajuaje?"

"Hutawajua. Chora kwanza."