Macho Yangu Yalilia kwa Kiu

Amani iwe kwenu, ndugu zangu wa Mvumi, na Bwana asifiwe na kila mwenye macho ya kuona! Naona mmejaa hadi mlangoni. Nawaona nyote, hata yule mzee wa nyuma anayesinzia kabla sijaanza. Kuwaona huko ndiko ushuhuda wangu.

Mnanijua. Mimi ni tarishi, mtu wa mbio. Mfuko wa barua za Wadachi, yaani Wajerumani wanaotutawala, naupokea bomani, naukimbiza katikati ya Ugogo mpaka kambi inayofuata, kisha narudi na mwingine. Miguu hii Mungu alinipa bila choyo! Lakini nchi yetu mnaijua pia. Kiangazi kikiingia, jua likipanda kidogo tu, upepo umeanza. Unazoa vumbi la njia za ng'ombe na kukurushia usoni, na wewe unakimbia ukiuelekea.

Sisi matarishi tulikuwa na sheria zetu, tulizopokea kwa waliotutangulia. Usinywe maji njiani, tumbo litakuwa zito. Usipepese macho ovyo, utakanyaga mwiba. Na macho yakianza kutoa machozi, basi yamejaa maji, yakaushe! Tukayakausha kwelikweli. Tukifika kambini tulikaa kwenye moshi wa kuni, tukayafikicha kwa kitambaa kilekile cha jasho, na maji ya kunywa tukayapunguza zaidi. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ndugu zangu, macho yangu yalinitesa! Yaliwaka kama yametiwa pilipili. Asubuhi kope zilinata. Nikikimbia, machozi yalishuka mpaka kifuani, na njia ikawa ukungu mtupu. Kadiri nilivyoyakausha, ndivyo yalivyozidi kulia. Nilikuwa nimemwona tarishi mwenzangu akirudishwa kwao ameshikwa mkono, mtu aliyekuwa akinishinda mbio. Nikajua zamu yangu imefika. Nikawa naogopa hata kuyafumba nilale, nisije nikayafumbua nikakuta giza.

Siku moja upepo ulizidi. Sikuona kitu. Nilikimbia moja kwa moja nikaingia kwenye ua wa miiba wa zizi la mbuzi, mimi na barua za Serikali! Nikaketi chini, damu inanitoka, nikalia kwa sauti: "Bwana, chukua miguu, niachie macho!"

Aliyenisikia alikuwa mama mwenye zizi lile, jina lake Mbeleje. Hakuwa mtu wa kanisa. Na nisiwafiche, sisi watu wa Serikali tunaogopwa vijijini. Tukipita, kuku hufichwa. Angeweza kuniacha palepale. Lakini alinichomoa miiba mmoja mmoja, akanisalimu, "Mbukwa, mwanangu," kama anayepokea mgeni aliyebisha hodi vizuri.

Akaniingiza ndani ya tembe lake, upepo ukabaki nje. Akayatazama macho yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota kwa wapagazi, lakini nilimwelewa kila neno.

"Maji unakunywa?"

"Njiani hapana, mama. Na macho yenyewe yamejaa maji, kila jioni nayakausha kwa moshi wa moto."

Akacheka! "Hayajajaa. Yanalia kwa kiu. Ng'ombe wetu wakivuka mbuga kwenye upepo wanalia hivihivi. Tunawapa maji na kivuli. Hatuwawashii moto."

Maji yenyewe alikuwa ameyachimba kwenye mchanga wa mto mkavu, akayabeba kichwani kutoka mbali. Akanimiminia kibuyu kizima! Kisha akapasha mengine kidogo, akalowesha kitambaa safi, akaniwekea juu ya kope. "Fumba," akasema. "Yaache yapumzike." Nikafumba, huku naliogopa lile giza. Na mume wake, mtu ambaye maisha yake yote ametembea taratibu nyuma ya ng'ombe, aliubeba mfuko wangu mpaka kambini, ili nisichapwe kiboko kwa kuchelewesha barua. Watu gani hawa, ndugu zangu! Nikiwafikiria mpaka leo moyo unanijaa.

Walinitunza hivyo siku kadhaa, kwa kitambaa, maji na kivuli. Asubuhi moja nikatoka nje nikaona mbuzi. Si ukungu wenye pembe, mbuzi! Na ndevu zake nikaziona! Nilipiga haleluya mpaka zizi zima likatawanyika.

Siku hizi natoka mapema, nafika mbali kabla upepo haujaamka. Kichwani najifunga kitambaa kinachotia kivuli usoni. Nakunywa kila penye kisima, na napepesa macho kama ninayemkonyeza kila anayepita. Wenzangu walinicheka sana. Sasa nao wanakonyeza.

Mtu ataniambia, hayo ni maji tu, si Mungu. Namjibu hivi: nilimwita Bwana, akaja Mbeleje. Nani alimtuma? Leo yeye na mumewe wameketi pale karibu na mlango, mara yao ya kwanza kuingia humu. Wapisheni waje mbele, tafadhali. Karibu, mama. Karibu, baba.

Na wewe uliyekuja na shida yako, unayeitibu kwa kuizidisha kama tulivyofanya sisi matarishi, mwite Bwana, wala usimchagulie wa kumtuma. Simameni tuombe. Nafumba macho sasa, ndugu zangu, na siogopi.