Historia ya Marehemu Gasper Nikolao, Mteua Nyimbo wa Banda la Video Newala

Ndugu waombolezaji, nasoma kwa niaba ya familia, na anayetaka kucheka acheke, mwenyewe alituagiza hivyo.

Marehemu Gasper Nikolao alizaliwa tarehe 14 Mei 1959 kijijini Lupaso, Masasi, akamaliza darasa la saba mwaka 1974, akajifunza ufundi redio Ndanda, na tarehe 12 Septemba 1987 akafunga ndoa na Winfrida, Mmakonde mzaliwa wa Chilangala, wakajaliwa Scholastika na Cuthbert.

Mwaka 1998 alifungua banda la video Newala, na kwa kuwa filamu zilikuwa za lugha za watu, kila penye uchungu alipunguza sauti ya televisheni, akaweka kaseti ya wimbo aliouteua mwenyewe, wanaume wazima wakatoka na macho mekundu wakisingizia vumbi. Mwaka 2001 aliteleza, mama wa kwenye filamu akizikwa aliweka wimbo wa Kimakonde alioupenda kwa upole wake, asijue kuwa ndio wa kuwapokea vijana watokao jandoni, kina mama wakainuka na kanga zao, jeneza likashuka kwa vigelegele, na wazee wakamtoza kuku wawili, huku mkewe, aliyeujua wimbo ule tangu utotoni, akiwa amenyamaza kusudi aone itakuwaje.

Huyo mke ndiye aliyemnyima raha, maana banda zima likilowa machozi, Mama Scholastika alitafuna karanga akisema wale waigizaji wamelipwa, awalilie ya nini, na marehemu alibadilisha kaseti miaka nenda miaka rudi asimtoe hata chozi.

Februari mwaka huu figo zilimzidi, akalazwa hospitali ya Ndanda. Jioni ya tarehe 9 Machi, kwenye televisheni ya wodini, mume wa tamthilia alikuwa akimuaga mkewe bila muziki wowote, jambo lililomuudhi marehemu kuliko sindano, akaanza kuimba mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza, wimbo ambao Mama Scholastika huimba uani akibangua korosho, wa kumsuta mume mvivu wa kuamka. Mama Scholastika alicheka, kisha akalia, akalia mpaka muuguzi akaja mbio, na alipoulizwa na mumewe kama anamlilia yule wa tamthilia, alijibu, "Yule simjui, Baba Scholastika." Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 10, akiwa ameridhika kabisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake na watazamaji wote wa banda.

Baba Scholastika, wimbo wa kukushusha kaburini ataanzisha mkeo, na akishindwa kuumaliza tutampokea, nawe pumzika kwa amani.