Kilimia Kiko Wapi

Jua lilikuwa limezama punde, na benchi la nje ya saluni limeshajaa kama kawaida yake. Alikuwapo Kinyozi mwenyewe, kitana kikiwa sikioni. Injinia, ambaye uinjinia wake ni kufungua redio za watu na kubakiwa na skrubu. Na Cheche, mchomelea vyuma, birika la kahawa miguuni pake. Taa ya barabarani iliwaka juu ya vichwa vyao. Majira ya kuchipua yalikuwa yameingia, na wiki hiyo klabu ya anga iliweka darubini uwanja wa shule ili watu waje watazame nyota. Cheche alitamani kwenda, lakini roho ikasita. Tangu mkewe afariki hajakiona tena kilimia, kile kishada cha nyota walichokuwa wakikihesabu wawili uani, mke akisema saba, yeye akisema sita, mpaka wananuniana. Aliamini macho yake yameliwa na moto wa kuchomelea. Hakumwambia mtu.

— Mimi siendi, alisema Injinia. Darubini inavuta nyota. Ukiivuta sana inalegea, siku moja inakudondokea.

— Acha uongo wako! Kinyozi akadakia. Nyota zinamalizwa na hizi taa. Unadhani umeme unatoka wapi? Wanaunyonya huko juu.

— Kwa mrija?

— Kwa waya, bwana! Hujaona usiku kitu kinapita kinamwekamweka? Fundi huyo, anakagua laini.

— Basi kilimia hawajakifikia. Jana nimehesabu kumi na mbili.

— Kumi na nne. Zimezaa.

— Cheche, wewe je?

— Sita, alisema Cheche, akimimina kahawa asitazame juu. Kumbe wenzake wote wanakiona.

Hapo akapita dada mmoja, mgeni wa mtaa, akigawa vikaratasi vya klabu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

— Nimewasikia. Mimi nimejiunga juzi tu, sijui kitu. Hicho kilimia kiko wapi?

Mikono mitatu ikanyanyuka. Wa Kinyozi ulielekea paa la shule, wa Injinia tangi la maji, wa Cheche nguzo ya taa. Wakatazamana. Mikono ikashuka mmoja mmoja.

— Sasa mnataka niseme nini? Kinyozi alinung'unika. Tangu wafunge hii taa sijaona nyota hata moja.

— Hata mimi, alisema Injinia, kwa sauti ya chini.

— Ilifungwa lini? Cheche aliuliza.

— Si mwaka ule ule wa msiba wako? alijibu Kinyozi. Tulikaa matanga chini yake.

Cheche alimgeukia yule dada.

— Huko uwanjani kuna taa?

— Wamezizima zote, baba.

Akaweka kikombe chini, kahawa ingali ya moto, akasimama.

— Unakwenda wapi? Na birika lako je?

— Malizeni, alisema Cheche. Nikizikuta saba, nina mtu wa kumwomba radhi.